Matope ya Msimu wa Baridi

Maabara ya Bahari,
Chumba cha Nyuma.
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. U mzima? Goti nalo limeacha kukusumbua? Mimi sijambo, ila vidole vinanuka matope hata nikipaka yale mafuta yako.

Naandika kukushukuru, na leo huna nafasi ya kunikatiza kama kwenye simu.

Kazi yangu unaijua, ile ambayo Baba anaiita kuchezea tope kwa mshahara. Tunachota matope chini ya bahari, karibu na ufuko, na kupima amonia iliyojificha humo. Msimu wa joto vijidudu hula mabaki kwa pupa na amonia hujaa. Tulidhani baridi ikija huwa wanadonoadonoa tu, na akiba ile hupungua. Lakini kudhani si kujua. Tope la baridi lingekosekana, kazi ya mwaka mzima ingekwenda na maji.

Na wiki hiyohiyo ya kwenda kulichota, Baba akapangiwa upasuaji. Nilishafunga begi, boti iende bila mimi. Ndipo ulipopiga simu: "We, baki na matope yako. Huyu alikuwa kaka yangu kabla hajawa baba yako." Nililia, Shangazi, kisha nikavaa mabuti.

Hata hivyo nusura tuharibu. Mwenzangu alisuuza tope kwa maji matupu, vipimo vikatoka vidogo ajabu, nasi tukashangilia kama wajinga. Kumbe amonia nyingine hung'ang'ania udongo, haiachii mpaka uisuuze kwa maji ya chumvi kali. Bahati tope lilikuwa limebaki. Tulirudia, na kweli imepungua, ingawa si kwa kiasi cha kupigiwa vigelegele.

Baba sasa anatembea hadi getini na kurudi. Anakusengenya kila siku, eti kule wodini ulimlisha uji kama mtoto mchanga. Akisengenya hivyo najua amepona.

Nisalimie wale mapacha wako na jirani yako fundi cherehani. Mungu akupe umri mrefu na magoti ya kuutembelea.

Jana profesa alipitia ripoti yetu, akakuta jina lako mwishoni, kwenye shukrani. Akauliza, "Huyu naye ni wa maabara gani?" Nikamjibu, "Wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani," nikamweleza yote. Akachukua kalamu, akalihamisha jina lako, likatangulia majina ya wafadhili.

Mwanao akupendaye sana,
Mama Matope