Uso wa Mwalimu Monari

S.L.P. 318,
Suna, Migori.
11 Agosti 1996.

Mpendwa Dada Bhoke,

Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji, na kifua cha mtoto Damaris kiwe kimepona. Sisi hatujambo. Mama goti linamsumbua, ila bado anagombana na mbuzi wa jirani kila asubuhi, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Mahindi tumeshavuna.

Barua yako niliipata Jumanne. Niliisoma nikiwa nimesimama pale posta, na nilipofika mahali unaposema Bwana Zubair, yule mchapishaji wa huko Mombasa, amezipenda picha zangu na anataka kuzichapa ziwe kitabu cha katuni, nilicheka peke yangu mpaka watu wakanitazama. Kisha nikaacha kucheka. Dada, nakuandikia kukuomba umwambie asizichape. Tafadhali nisome hadi mwisho kabla hujakasirika.

Wewe ndiwe uliyeniletea vile vitabu vya katuni vilivyochanika majalada, vyenye farasi wa mabawa na mashujaa wanaokanyaga moto. Nilivipenda hadi nikajiuliza kwa nini mabawa wapewe farasi tu, na sisi ziwani tuna viboko. Ndipo nikachora habari za mkimbiaji wa usiku wa Sori, yule ambaye Wajaluo humwita jajuok, anayekimbia uchi gizani, amejipaka majivu, akirusha mchanga juu ya mabati ya watu na kumpanda kiboko kama punda. Kiboko wangu nilimpa mabawa ya furukombe.

Hadithi yenyewe niliipata kwa Mwalimu Monari, jirani yetu aliyestaafu. Anaposimulia mambo ya mizimu mashavu yake huzama, shingo hurefuka, na macho hutazama nyuma yako mpaka ugeuke. Mimi siwezi kuchora uso usio na mwenyewe. Nilipofika kwenye uso wa mkimbiaji, mkono ulichora wa Mwalimu, nami sikuuzuia, kwa maana ulikuwa uso bora kuliko wote niliowahi kuchora. Sikumwonyesha. Nilitaka kumshangaza kitabu kikitoka.

Kabla ya kukutumia zile kurasa nilizitoa fotokopi, na karani mwenzangu Bravin akaziazima. Akaenda nazo kwenye hoteli ya pale sokoni. Sasa, Roselyn binti wa Mwalimu alikuwa amechumbiwa na kijana wa Homa Bay aitwaye Sammy, na desturi unaijua: kabla ng'ombe wa mahari hawajatoka, mshenga huja kimya kimya kuulizia kama nyumba ile ina kifafa, ina wazimu, ina mtu anayekimbia usiku. Husemwa jambo hilo hufuata damu. Mshenga wa kina Sammy alikuwa hapo hapo hotelini, anakunywa chai.

"Hebu oneni! Si huyu ni Mwalimu?" mmoja akapiga kelele.

"Ni yeye kabisa! Kumbe makarani wanajua mengi!"

Walikuwa wanatania. Bravin anasema mshenga aliinuka akaacha mandazi yake mezani. Siku ya ng'ombe ikafika, ng'ombe hawakuja.

Roselyn alinifuata ofisini. Alisimama dirishani kwangu, wakulima wa tumbaku wamepanga foleni nyuma yake, akasema bila kuteremsha sauti, "Mniko, baba yangu hajawahi kukimbia hata mvua. Wewe ndiye uliyemkimbiza. Nenda Homa Bay ukawaambie."

Unajua nilivyo mwoga. Isitoshe, ushirika wetu unapunguza wafanyakazi, na kila mlango wa mkubwa unapofunguka nadhani ni jina langu litakaloitwa. Karani anayetajwa pamoja na uchawi hakai. Hata hivyo Jumamosi iliyofuata nilienda Homa Bay.

Baba yake Sammy alinipokea vizuri. Nilipomaliza kueleza, akaniuliza, "Kijana, Migori imejaa nyuso. Kwa nini uliuchukua wake?"

Nikasema ukweli, kwamba hakuna anayezijua hadithi hizo kama yeye.

Shangazi yake Sammy akapiga makofi. "Mmesikia hayo? Na amezijulia wapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimekuja kumtoa Mwalimu shimoni, nikamwongezea udongo. Yule mzee akafikiri, kisha akabandua kalenda ya mwaka jana ukutani, akaigeuza, akaniwekea mbele. "Basi nichore mimi. Nichore nikikimbia."

Nilimchora. Mkono wangu ukishika kalamu huwa hausikii hofu yangu. Nikampa kiboko, nikampa majivu mwilini. Shangazi alicheka hadi akashika mlango. "Ndugu yangu, kumbe ni wewe unayenirushia mchanga!" Mzee mwenyewe hakucheka. Aliitazama picha muda mrefu, akajishika shavu.

"Kumbe ni rahisi hivi," akasema.

Ng'ombe wataletwa Septemba. Roselyn sasa hunisalimu.

Ungedhani yamekwisha. Lakini Mwalimu hasimulii tena. Watoto wakija kibarazani kwake jioni huwaambia, "Hadithi zimehamia kwa karani." Kabla giza halijaingia amekwisha kufunga mlango. Akilazimika kwenda chooni usiku hutoka na taa na kukohoa njia nzima, ili majirani wajue ni yeye na anakokwenda. Namsikia nikiwa kitandani. Mzee wa heshima, Dada, anakohoa hivyo kwa ajili ya picha yangu.

Nimejaribu kumpa mkimbiaji uso mwingine. Anakuwa mtu tu aliyesahau shati.

Mwisho nilichukua barua yako, nikaenda kumwomba ruhusa. Aliisoma mara mbili, akairudisha ndani ya bahasha taratibu. "Chapisha, mwanangu," akasema. "Migori yote imeshaniona uchi. Mombasa nao wana macho." Aliyasema kwa upole, akitabasamu, akanikaribisha uji. Afadhali angenitukana.

Kwa hiyo ruhusa ninayo, na sitaitumia. Nenda kwa Bwana Zubair, umwombe radhi kwa niaba yangu, na uzichukue kurasa. Usizichome, siwezi. Ziweke chini ya nguo zako, na usimwonyeshe mtu, hata kama nitakuandikia siku nyingine nikikusihi. Najijua. Nitakusihi.

Msalimie shemeji, umbusu Damaris, na umpe Mama Mwanamvita jirani yako salamu zangu. Shangazi Susana na Mama wanakusalimu sana. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake, mchana na usiku.

Mdogo wako anayekupenda na kukusumbua,
Mniko