Kwa Athanas Jilala, Aliyetupeleka Mandari

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu ulipokwenda kujificha nyuma ya jiwe usitoke tena. Ilikuwa Jumapili ya Agosti, 1953, hapa Geita, baada ya misa. Mkeka ulikuwa umetandikwa kilimani, chungu kiko motoni, na sote tulikuwa tunacheka. Hatujacheka vile tangu siku hiyo.

Wenzako wa mgodini wanakukumbuka kwa kazi. Ulisimamisha magogo ya kuzuia mwamba usiwaporomokee watu, na Mzee Onesmo husema hakuna aliyeogopa kupita chini ya gogo ulilolisimamisha wewe. Sisi wanao tunakukumbuka kwa Jumapili.

Neno mandari, la kwenda kula na kucheza nje, ulipewa na jirani yetu Bi Mwanaima wa Tabora, nawe ukalipenda kuliko yeye mwenyewe. Misa ikiisha tu, ulikuwa unajitwisha chungu kichwani, mwanamume mzima, ukapita nacho katikati ya kambi ya mgodi bila haya, huku Mama na sisi tukikufuata na mkeka, kamba na magunia. Watu walikutania. "Jilala, nyumba imekushinda?"

"Nyumba haijanishinda," ukawajibu. "Wiki nzima niko chini ya ardhi kama fuko. Leo nataka kuwaona wanangu kwenye mwanga."

Kwetu Usukuma wanaume hula peke yao shikome, kwenye moto wa uani. Bibi Mbuke, mama yako, aliposikia huko kijijini Ibadakuli kwamba unakula mkeka mmoja na mkeo na binti zako, alituma salamu kuuliza kama umelogwa. Ulicheka mpaka ukakohoa. Kikohozi hicho tulikizoea, Mungu atusamehe, kama mtu anavyozoea jogoo wa jirani.

Na michezo yako, Baba. Katika mbio za magunia ulikuwa unaanguka makusudi ili Mageni mdogo akupite, kisha unalalamika kwamba gunia lako lilikuwa na panya. Kwenye kuvuta kamba uliwapanga wanawake upande mmoja na wanaume upande wa pili, halafu katikati ya mchezo unahamia kwa wanawake. Euphrasia alikufundisha mdako, ukawa unaficha kijiwe kwenye mkono wa shati. Mama alikuwa anakuita mwizi mbele ya watoto, nawe ulikuwa unafurahi. Tukichoka tulikula matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na karanga, tukashushia maziwa ya mgando, na kila mtu aliona chakula cha jana kimekuwa kipya kwa sababu tu kimeliwa kilimani.

Lakini mchezo uliokuwa wako hasa ni kujificha. Uliuchanganya na vitendawili, jambo ambalo hatujaliona kwa watu wengine. Tukikutafuta tukashindwa, hukukubali kutoka hivi hivi. Ilibidi Mama asimame kwenye mkeka akupe mji, kama anavyopewa mtega kitendawili. Mama anasema, "Nakupa Mwanza." Wewe huko ulikojificha unajibu, "Mwanza nilikwenda, nikalala njaa." "Nakupa Tabora." "Tabora maembe mabichi." Ugali unapoa, sisi tunakufa kwa kicheko, na kila mara unamalizia hivyo hivyo: "Mama Thobias, nipe Ibadakuli."

Mama hakuitoa hata siku moja. "Hiyo siitoi," alikuwa anasema. "Ibadakuli ni yetu sote wawili. Ndiko tutakakozeekea." Wote tulijua kuna kiwanja ulichopewa na baba yako kule, karibu na mkuyu wa kisimani, na kwamba Mama alishapanga dirisha la jikoni lielekee wapi. Basi ulikuwa unanung'unika kidogo, unakubali Kahama, unatoka na majani kichwani.

Siku ile ulijificha kama kawaida. Thobias alitafuta, Euphrasia akatafuta, hatukukuona. Mama alikuwa amepiga magoti anapuliza moto uliokataa kuwaka, machozi ya moshi yakimtoka, na amechoka, kwa kuwa usiku kucha alikuwa amekukanda kifua. Tukamwambia, "Mama, tumeshindwa, mpe mji." Naye akasema kwa sauti kubwa ili usikie, "Leo simpi mji wowote. Mwacheni, njaa itamtoa."

Tukala. Sahani yako akaifunika pembeni. Kila mtu alipotaka kukuita, yeye alimkonyeza, na ule utani ukawa mtamu jinsi ulivyorefuka. Thobias alipozunguka jiwe kwa upande wa bondeni, alikukuta umekaa, umeliegemea, kofia iko magotini. Alidhani unatuchezea. Akarudi akasema, "Nimemkuta, lakini hataki kuamka."

Tabibu alisema kifua kilikuwa kimeshaharibika siku nyingi, na moyo ulisimama papo hapo. Alisema hata ungeitwa usingeitika. Padri naye akasema hivyo hivyo. Mama aliwasikiliza wote, akaitikia kwa kichwa kama mtu mwenye adabu, akawatengea uji. Hakuwaamini. Wao hawakuwepo pale kwenye mkeka. Yeye alikuwepo, na alijua ni nani aliyenyimwa mji.

Tangu hapo, Baba, hatukwenda mandari. Kamba aliisukumia juu ya dari pamoja na magunia. Mageni akisema "kujificha" tu, Mama alikuwa anatoka nje. Ila kila Jumapili alikupakulia, akafunika sahani, na asubuhi akawamwagia kuku. Tulimwambia aache. Aliyefiwa anajua pa kujishikilia, na yeye alijishikilia hapo.

Mwezi huu Bibi Mbuke alikuja na lori la pamba kwa ajili ya misa yako ya mwaka. Amekonda, na macho yamefifia, lakini masikio yake unayajua. Jumamosi aliisikia sahani ikitolewa kabatini mapema, ikapanguswa taratibu. Akauliza ni ya nani. Tukaogopa kusema. Mama ndiye aliyesema, akaeleza yote, moto uliokataa, konyezo, mji. Alikuwa hajawahi kumweleza mtu yeyote. Alieleza huku ameishika ile sahani, mpaka kwenye "njaa itamtoa."

Tulidhani Bibi atamlaumu. Mwana ni mwanawe.

"Mayu," Bibi akasema, akimwita mama kwa Kisukuma, "mimi nilimzaa yule. Tangu utoto wake hakuwahi kutoka maficho kwa njaa. Alikuwa anataka abembelezwe." Akaipapasa ile sahani. "Hukumuua, mayu. Lakini mchezo hamkuumaliza. Kesho nipeleke huko kwenye jiwe."

"Siwezi, mama."

"Hata mimi siwezi. Tutakwenda hivyo hivyo."

Kwa hiyo Jumapili iliyopita, misa ilipokwisha, tulishusha kamba na magunia darini, na Mama akajitwisha chungu kichwani. Alipita nacho katikati ya kambi, mahali pale pale ulipokuwa unapita, na hakuna aliyemtania. Mzee Onesmo alivua kofia. Bi Mwanaima aliacha kupepeta mchele akatufuata, na Thobias akambeba Bibi mgongoni kupanda kilima.

Hatukujua tuanzie wapi. Tulikaa kwenye mkeka kama wageni, jiwe lile mbele yetu. Bibi ndiye aliyekasirika. "Mmenileta huku kunionyesha mlivyonuna? Leteni hiyo kamba." Tukavuta kamba. Kwenye mbio za magunia Mageni alianguka mwenyewe, akasema gunia lina panya. Euphrasia akacheza mdako na Bi Mwanaima, akaibiwa. Mama alivuta kamba upande wa wanawake, akavutwa akaanguka kifudifudi, akacheka, na kicheko kile kile kikageuka kilio akiwa bado chini. Tulimwacha alie. Hata sisi tulilia, Baba, tusikufiche.

Kisha akainuka, akajipangusa vumbi, akafunga upya kitenge chake kiunoni. Alisimama mahali alipokuwa anasimama siku zote, na akaliangalia jiwe.

"Tumeshindwa, Baba Thobias," akasema. "Nakupa Mwanza."

Akangoja. Sote tulingoja, na wote tulisikia mioyoni jinsi ambavyo ungejibu.

"Nakupa Tabora."

Upepo ulipita kwenye majani makavu. Mageni akasema polepole, "Maembe mabichi," na Mama akamshika mkono.

"Nakupa Kahama, ile uliyokuwa unaikubali." Akangoja tena, kwa muda mrefu kuliko mara zote. Tulijua umebaki mji gani, na tulijua kwamba akiutoa, lile dirisha la jikoni hatalijenga kamwe. Bibi Mbuke alikuwa ameinamisha kichwa.

"Basi," Mama akasema. "Nakupa Ibadakuli. Chukua yote, na mkuyu, na kiwanja. Sikunyimi tena kitu. Toka huko, uje kwenye jua, mume wangu, ukapumzike."

Bibi akasema, "Wabeja, mayu." Ndiyo asante kwa Kisukuma, na aliitamka kama mtu aliyetumwa kuifikisha.

Mama akarudi mkekani akapakua. Sahani yako aliipakua kwanza, kama kawaida. Hakuifunika. Aliigawa kwa mkono wake, Thobias kidogo, Euphrasia kidogo, Mageni, Bibi, Bi Mwanaima, na kilichobaki akakitia kinywani mwake mwenyewe, akatafuna akiliangalia jiwe. Kuku hawakupata kitu Jumatatu.

Unakumbukwa na mkeo Bernadina; mama yako mzazi Mbuke; wanao Thobias, Euphrasia na Mageni; Bi Mwanaima aliyekupa neno; na Mzee Onesmo na wote waliopita salama chini ya magogo yako. Kila Jumapili ya mandari tutakukumbuka daima, Baba, na hatutakutafuta tena nyuma ya jiwe. Umeshinda. Mji ni wako.