Makohozi Yaliyokuja kwa Jina la Mama

Zahanati, chumba cha maabara,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa binamu,

Shikamoo, kama bado unadai ile miezi minne uliyonizidi. Hujambo huko uliko? Mkeo na mapacha wanaendeleaje? Sisi tupo, tunasukuma siku. Mimi ni mzima, ila bega la kulia linauma na macho yanawaka. Mwenzangu alikuwa likizo ya uzazi hadi juzi, na vikombe vyote vya makohozi viliniangukia mimi.

Ni vikombe arobaini kwa siku. Kila kimoja nakitazama kwenye mwanga nijue ni makohozi ya kifuani au mate tu. Napaka sehemu nzito kwenye kioo, nakiacha kikauke, nakipitisha juu ya moto, natia rangi, nasoma kwa darubini. Vidudu vya kifua kikuu huonekana kama vijiti vyekundu. Ukiharakisha, umemdanganya mtu.

Haya ninayokuandikia baba yako ameniruhusu. Soma ukiwa umekaa.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu mama yako alileta kikombe chenye jina lake. Makohozi mazito, yana michirizi ya damu. Nilipotazama, vijiti vyekundu vilikuwa vimejaa. Kesho yake akaitwa aanze dawa.

Alipofika nikamwangalia: kapanda ngazi zote na wala hahemi. Nikampa kikombe kipya, nikampeleka uani penye hewa, nikamwambia avute pumzi ndefu, akohoe kutoka chini kabisa. Alikohoa kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe. Kikombeni, mate matupu.

"Mkaza mjomba, yale ya jana ni ya nani?"

Akatazama chini. "Ya mjomba wako. Yeye ni fundi cherehani, mwanangu. Watu wanavaa alichokishika. Wakisikia, nani atamletea kitambaa? Mimi wakinikimbia, watakuwa wamekimbia nini?"

Alidhani atapewa dawa zote azibebe nyumbani, mzee ameze kimyakimya. Nikamwambia hapa mtu humeza mbele ya muuguzi, kila siku.

Nilikasirika, nisikufiche, na nadhani nusu ya hasira ilikuwa uchovu. Nikavua koti jeupe ili watu wasihisi kuna mgonjwa, nikaenda kwa mjomba. Amekonda, mkanda wake umetobolewa matundu mapya. Akasimamisha cherehani.

"Amekwambia?"

"Makohozi yamesema yenyewe, mjomba."

Alikunja kitambaa alichokuwa anashona, akakikunjua, akakikunja tena. "Nilikubali kwa sababu niliogopa," akasema. "Na yeye hakunicheka."

Asubuhi yake alikuja kwa miguu yake. Muuguzi alipouliza jina, alilitaja kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia. Tangu siku hiyo anameza.

Wateja watatu walikuja kuchukua vitambaa vyao. Mwalimu mmoja aliacha suruali zake palepale, akasema suruali haikohoi. Mama yako naye amepimwa sawasawa, hata picha ya kifua amepigwa, na hana ugonjwa. Sasa anamfungulia mzee madirisha yote, na wakigombana, wanagombania upepo.

Ijumaa mjomba alileta kikombe cha kumaliza mwezi wa pili wa dawa. Nilipaka mwenyewe, nikatia rangi mwenyewe, lakini kusoma sikuthubutu, nisije nikaona ninachokitaka. Nikampa mwenzangu. Alisogeza kioo taratibu, mstari kwa mstari, hadi nikatamani kumsukuma. Mwishowe akainua kichwa.

"Hamna kitu."

Binamu, nilikaa chini palepale sakafuni nikalia, na vikombe kumi na tisa bado vilikuwa vinaningoja mezani.

Imebaki miezi minne ya dawa. Mwandikie baba yako. Usimkemee, na usimwonee huruma pia; mwulize tu kazi inakwendaje.

Nisalimie mkeo, wabusu mapacha, na shangazi anayekaa karibu nanyi mwambie namkumbuka. Mungu awape pumzi nyepesi na usingizi ambao mimi naudai.

Wako akupendaye,
Binamu yako wa maabara.