Pindo la Kikwembe na Mdomo wa Chupa

Kalemie, Alhamisi. Mvua inanyesha tangu alfajiri, na umeme wa bwawa la Bendera ulikatika hata kabla ya tone la kwanza, kana kwamba ulipelekewa habari. Nimechoka, na safari hii uchovu wangu si wa figo.

Naandika nikiwa nimeketi barazani kwangu, nikitumia mwanga uliobaki wa alasiri. Ziwa halionekani. Kuna weupe tu mahali lilipokuwa jana.

Niseme jambo hili kwa utaratibu, kama nilivyozoea kusema mbele za watu. Niliongoza shule ya sekondari ya mji huu kwa miaka mingi, na ingawa kengele yake sasa inapigwa kwa amri ya mwingine, mji mzima bado unaniita Papa Prefe. Nilizika wakubwa kwa hotuba, niliozesha watoto wa wenzangu kwa hotuba, nilipokea viongozi wa chama kwa hotuba nisizoziamini, nikiwa nimefunga vifungo vyote vya abakosti yangu, ile koti ya heshima isiyovaliwa tai. Leo nilitoa hotuba ambayo sitaki kuikumbuka, na ndiyo maana naiandika.

Figo zangu zilikoma kufanya kazi yake taratibu, bila ugomvi, kama mtumishi anayeacha kazi bila kuaga. Tangu hapo huenda hospitali, nalala chali, na muuguzi Muganza ananitia tumboni maji ya dawa ya chupa kwa mrija. Maji hayo hukaa ndani muda, yakavuta ule uchafu ambao figo zimeshindwa kuutoa, kisha hutolewa. Hiyo ndiyo dializi yetu. Mashine zipo katika miji mingine, na miji hiyo iko mbali.

Tuko wagonjwa wachache katika chumba kimoja, na sote tumo katika utafiti wa Daktari Kalenga. Ni kijana mwenye akili na adabu, aliyetumwa kutoka Lubumbashi kutafuta jibu la swali moja: kwa nini maji yanayotoka matumboni mwetu, ambayo yanapaswa kuwa maangavu, mara kwa mara hutoka na ukungu kama maji yaliyolowekewa mihogo. Ukungu huo ni uchafu ulioingia tumboni na kuzaana. Baada yake huja homa, na maumivu ambayo sitayaeleza hapa, na wakati mwingine huja jeneza.

Kuutambua ukungu hakuhitaji chombo cha ajabu. Daktari huweka chupa ya maji yaliyotoka mbele ya ukurasa wa gazeti la serikali. Herufi zikisomeka kupitia maji, umepona kwa wiki hiyo. Zisiposomeka, una kazi. Nimekwisha kumwambia kwamba hiyo ndiyo faida ya kwanza niliyoiona katika gazeti lile. Hakucheka. Ana kazi serikalini.

Mimi ukungu umenipata zaidi ya mara moja. Wiki hii umempata jirani yangu wa kitanda, Papa Kasongo, fundi wa zamani wa reli, ambaye sasa anatetemeka kwa homa chini ya mablanketi na hata jina langu amelisahau.

Na sasa nieleze hasira yangu.

Utafiti huu umetuishia katika makatazo. Kwanza vilikatazwa viatu. Kisha wageni. Kisha dirisha lililo upande wa ziwa, tukapikwa mle ndani kama ndizi zilizofunikwa. Kisha maji yoyote yasiyochemshwa, hata ya kunawa uso. Kila katazo lilikuja na sababu nzuri, likatiiwa, na ukungu ukarudi palepale. Katikati ya makatazo yapo maswali, yaleyale kila mara. Nimekunywa nini? Nimemshika nani mkono? Nimelala upande gani? Naheshimu sayansi, nami niliifundisha. Lakini ipo siku mtu huchoka kuwa somo.

Jana Daktari Kalenga alinijia na katazo jipya. Kuanzia wiki ijayo, walinzi wa wagonjwa wasikanyage tena chumba cha dializi.

Mtu asiyejua hospitali zetu ataona ni jambo dogo. Mlinzi ni mke, ni dada, ni binti. Ndiye anayekupikia, anayekugeuza, anayekuosha. Tangu kabati la kupashia chupa lilipokosa umeme wa kuaminika, mlinzi ndiye anayezipasha katika beseni la maji ya moto juu ya mbabula, jiko letu la makaa, maana maji baridi yakiingia tumboni hukukunja kama karatasi. Muganza ana mikono miwili tu. Bila Mama Feza, mke wangu, mimi ni maneno mengi juu ya mwili usioweza kugeuka.

Daktari akaniomba niwatangazie mimi. Kijana hawezi kuwaambia mama za watu watoke. Lazima mkubwa amtolee maneno. Nilikubali. Nilijiambia kwamba nakubali kwa ajili ya Papa Kasongo. Ukweli ni kwamba sijui kukataa kusimama mbele za watu.

Basi leo asubuhi walinzi wakakusanyika kwenye baraza ya hospitali, mvua ikipiga mabati, nami nikasimama. Nilianza na shukrani. Nikapita kwenye mfano wa mlinzi wa lango ambaye siku moja huombwa akae nje ya lango lenyewe. Mfano ule ulikuwa mzuri. Nilikuwa nimeutengeneza usiku kucha.

Mama Ngoie, dada yake Papa Kasongo, hakuungoja ufike mwisho.

"Papa Prefe, hii ni mudomo yako njo inasema, ao ni ya Dokta?"

Nikamwambia kwamba ni yetu sote wawili.

"Sawa. Tutatoka. Na kesho ukitaka kuamuka kwa kitanda, utashika bega ya nani? Ya Dokta?"

Walicheka wote, na Mama Feza alicheka kuliko wote, bila kunitazama. Nilikuwa sijamwambia kitu nyumbani. Alilisikia katazo lile pamoja na wengine, kutoka kinywani mwangu, akiwa ameketi mstari wa mbele.

Daktari akasimama kunisaidia. Akaeleza habari za vijidudu, na hewa, na idadi ya watu chumbani, mpaka sauti ikamkauka akaanza kukohoa. Ndipo Mama Feza alipoinuka. Alikuwa amekasirika, nimeishi naye miaka ya kutosha kuijua shingo yake ikikasirika. Lakini mgeni anakohoa, na mgeni hapewi adhabu ya kiu. Akachota maji ya kuchemshwa katika ndoo yetu, akajaza glasi. Akashika pindo la kikwembe chake, kitenge alichojifunga kiunoni, akapangusa glasi pande zote, kisha akapangusa mdomo wa glasi kwa kuizungusha polepole. Akapiga goti kidogo, mkono wa kushoto ukishika kiwiko cha kulia, akampa.

Hivyo ndivyo mtu hupewa maji hapa kwetu. Kumpa mkubwa au mgeni chombo kinachochuruzika ni kumwambia kwamba si kitu. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake pia. Nimepewa maji namna hiyo maisha yangu yote.

Daktari aliipokea glasi. Hakunywa. Aliitazama, akalitazama lile pindo, na uso wake ukawa kama wa mwanafunzi aliyeona jibu ubaoni kabla ya wenzake.

"Mama," akauliza kwa upole sana, "na chupa za Papa, wakati Muganza anavaa glavu, unazipangusa vilevile?"

"Chupa za nini, Dokta?"

"Za maji ya tumbo. Akiisha kufungua."

"Eeh, napangusa." Akamtazama kama anayetazama mtu asiyelelewa. "Ntamupatia muntu kitu yenye kutoka mu beseni, maji inamwangika? Mimi si mushenzi."

Daktari akawageukia wengine. Wote wanapangusa. Walijibu kwa fahari, wakishindana. Mmoja alisema anatumia kikwembe cha kanisani tu. Mama Ngoie akasema yeye hupangusa mara nyingi, maana kaka yake alikuwa mtu wa heshima kwa reli.

Ndipo nami nikaona. Muganza hutoa kifuniko cha chuma, husafisha mpira wa mdomo wa chupa kwa spiriti, humwachia mlinzi chupa ikiwa bado imesimama katika beseni, hugeuka kunawa na kuvaa glavu. Katika kitambo hicho mgongo wake uko kwetu. Mke wangu huitoa chupa katika beseni, hukamata pindo, huupangusa ule mdomo uliokwisha kusafishwa, kwa upendo, kwa kikwembe kilichopita sokoni na kwenye mbabula, kisha humkabidhi Muganza kwa mikono miwili. Na Muganza huchomeka mrija.

Nililala pale mara zote hizo, macho wazi. Sikuona kitu. Nani huona namna anavyopewa maji?

Daktari Kalenga alikuwa na furaha. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote leo, na najua si haki. Alininong'oneza kwa Kifaransa kwamba bado ni dhana tu, si hukumu, lazima tuache kupangusa na tuyaangalie maji wiki kadhaa kabla ya kusema lolote. Lakini macho yake yalikwisha kuandika. Walinzi wabaki, akasema, hakuna haja ya kuwatoa. Kisha akasema: "Papa Prefe, waelezee kwa nini."

Kwa nini. Nyuma ya ukuta ule Papa Kasongo anatetemeka. Mbele yangu dada yake ndiyo kwanza amemaliza kujisifu kwamba humpangusia mara nyingi.

Wale wote waliowahi kunisikia nikisema wangestaajabu. Sikupata mfano. Sikupata methali.  Nikasema tu: "Kuanzia leo, mdomo wa chupa iliyofunguliwa hauguswi na kitu chochote. Hata kitambaa kisafi. Hata kwa heshima. Ukitoka katika beseni na maji, ubaki na maji yake, na Muganza ndiye atakayeusafisha, mwisho wa yote."

"Juu ya nini?" akauliza Mama Ngoie.

Nikaanza kueleza. Nilisema kwamba nguo safi kwa macho si safi kwa tumbo, kwamba ngozi ni mlango na mrija umeupita mlango. Nilisema kwamba hakuna aliyekosa, kwa sababu hakuna aliyejua, wala daktari, wala muuguzi, wala mgonjwa aliyelala akitazama. Nilisema mengi. Yeye aliacha kunisikiliza mapema. Aliutazama mkono wake, kisha akalitazama dirisha la chumba, lile tulilokatazwa kulifungua. Akaondoka akaingia kwa kaka yake, na hapakuwa na mtu wa kumwambia viatu vimekatazwa.

Mkutano ukaisha hivyo, bila kufungwa.

Tulirudi nyumbani chini ya mwavuli mmoja.  Mimi nilitunga sentensi na kuziacha, moja baada ya nyingine, kuanzia hospitali mpaka hapa. Nimkasirikie nani? Kijana amefanya kazi aliyotumwa, na huenda ameokoa uhai wangu. Muganza amefuata alivyofundishwa. Mama za watu wamefanya adabu. Nilitaka sana apatikane mzembe mmoja, nimtolee hotuba, nilale.

Huko Kabalo, kwenye stesheni ya reli, wanasema, makasha ya chupa zetu yamekwama tena yakingoja injini. Ningeweza kuikasirikia reli. Naona ndiko nitakakoishia.

Nimeacha kuandika kidogo, sasa narudi.

Saa ya kikombe changu ilikuwa imefika. Mtu mwenye ugonjwa wangu hupewa maji ya kunywa kwa kipimo, kikombe kidogo, nami hukingoja mchana kutwa kama mfungwa anavyongoja barua. Mama Feza alitoka nacho ndani. Aliposimama mbele yangu, mkono wake ukashuka wenyewe kwenye pindo la kikwembe, ukalishika. Ukakaa hapo.

Nilitaka kumwambia kwamba kikombe si chupa, kwamba kinywa si tumbo, kwamba hapa nyumbani apanguse anavyopenda mpaka siku nitakayokufa. Ni jambo la kweli kisayansi na ningelisema vizuri. Lakini aliliachia lile pindo kabla sijafungua mdomo.

"Kunywa, Papa Feza," akasema. "Sikupangusa."

Matone yaliangukia kifua changu, yakapenya shati. Nikanywa. Alibaki amesimama mpaka nilipomaliza, mikono yake miwili ikiwa mbele, haina la kufanya.

Kisha akasema, akitazama kule ziwa linakopaswa kuwa: "Mama Ngoie analala kule leo. Nitamupelekea chakula." Akaingia jikoni.

Sentensi moja ndefu kati ya zile nilizotunga njiani bado ninayo. Sioni tena pa kuitumia.

Kesho ni zamu yangu kitandani, na chupa itakuwa mikononi mwake tena. Muganza atageuka kuvaa glavu. Mimi nitageuza kichwa, nimtazame mke wangu.