Sauti Uliyomwibia Babako

Mtongwe, Likoni,
Mombasa.
Jumamosi, 15 Novemba

Mpendwa Riyadh,

Asalaam aleikum. Natumai u mzima huko Nairobi, na kile kifua kimepoa. Sisi hatujambo, vuli imenyesha, na goti langu lanisumbua kama kawaida. Nimekuuliza hali kwa kuwa wewe ni mwana wa kakangu. Yaliyobaki sikuyaandika yakufurahishe.

Barua hii nampa jirani yetu Tsuma, anayepanda treni Miritini kesho. Simu ungenikatia.

Tangu babako apatwe na kiharusi, huu mwaka wa pili, ulimi wake haujatoa neno. Siku ya Idi uliniomba zile darsa zake za Ramadhani nilizozirekodi, ukasema wataka kuzihifadhi. Nilikupa flashi kwa mkono wangu, na kosa hilo ni langu.

Nimesomesha miaka thelathini na moja, na jambo nisilolielewa silali nalo. Nikamwuliza mjukuu wangu Swabra sauti huibwaje, akanifahamisha. Mashine hulishwa sauti ya mtu ikajifunza hata anavyovuta pumzi, kisha ukiiandikia lolote hulisema kwa sauti ile. Zamani mwongo alitumia mdomo wake mwenyewe. Wewe umetumia wa mtu asiyeweza kukukanusha, na ndiyo maana ukamchagua.

Jumatatu sauti ya babako iliingia katika simu za Likoni nzima, ikisema kwamba Salha, anayegombea kiti cha wadi, ameuza makaburi yetu ya wakfu, na kwamba yeye Maalim Idarus amepata nafuu. Mamako alikuwa akikuna nazi. Akaisikia kutoka dirisha la jirani, akaacha mbuzi na nazi yake, akakimbilia chumbani akiita, "Idarus, wasema?" Alimkuta amelala vile vile, mate yakimtoka pembeni mwa mdomo.

Alasiri watu walikuja kumpongeza mgonjwa aliyepona, na mikate ya sinia na halwa. Walipomkuta bubu, wengine waliona haya. Wengine wakanong'ona kwamba Salha amemfunga ulimi kwa sihiri. Salha huyo alisoma Kurani chuoni kwa babako, na ndiye aliyekuwa akimletea dawa kila mwezi. Sasa wammwagia taka mlangoni, na kwetu haji tena.

Babako alishika kalamu kwa mkono wa kushoto akaandika neno moja: Sikusema. Kahawa yangu ilipoa kabla hajalimaliza. Nililipiga picha nikalituma katika kundi la mtaa. Lenox wa dukani akajibu, "Mzee Ishaka, karatasi yaweza kughushiwa. Sauti tumeisikia kwa masikio yetu." Umetufikisha hapo, Riyadh, mahali ambapo kauli ya babako mwenyewe ndiyo inayoitwa ya bandia.

Nilipokupigia Jumatano ulicheka. Ukaniambia, "Ami, hizo ni siasa tu. Baba angeweza kusema, angesema hivyo hivyo." La. Kakangu hajapata kuzungumza mbele ya watu bila kuanza kwa kumsalia Mtume. Sauti yako ilianza na jina la tajiri wako anayetaka kiti.

Mamako hajui kwamba ni wewe. Jumatano ijayo baada ya alasiri ameita watu nyumbani isomwe halbadiri, laana yake imfikie popote alipo aliyemwibia mumewe sauti. Ubani ameshanunua. Kisomo ameniomba nikiongoze mimi, nami nikakubali, kwani ningemwambia nini?

Basi kabla ya alasiri hiyo jirekodi kwa sauti yako mwenyewe, utaje jina lako na ulilolifanya, uipeleke kila mahali ulipoipeleka ile. Wa kwanza kuisikia awe mamako. Akitaka kukusamehe, watu tutawarudisha makwao. Ukikaa kimya nitaketi mkekani nisome, na atakayeitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote ni mamako.

Msalimie mkeo Sabah, na wanao uwabusu. Swabra akusalimu. Babako hawezi.

Mungu akuongoze, na akufikie Yeye kabla yetu.

Ni mimi ami yako, nikupendaye hata leo nisipotaka,

Ishaka