Hadithi ni ya Mama Mkwe, Jina ni Langu

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie, maana tangu Jumapili siwezi kumtazama mtu usoni, na ukiichapa barua hii tafadhali usiweke jina langu, hata haya majina ya humu ndani nimeyabadilisha.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza hapa Moshi, ninaishi Rau na mume wangu Athanas, anayepandisha wageni mlimani, pamoja na binti yetu Monica. Mama yake Athanas, Mama Bernadetha, yuko Marangu kwenye kihamba chake cha migomba na kahawa. Hakusoma, husaini kwa dole gumba, ila hadithi anazo, na kuna moja ya pelele, yule mnyama mdogo wa kwenye miamba, aliyeziba mfereji ili maji yawe yake peke yake, mpaka ukingo ukapasuka na maji yakamchukua mwanawe. Hiyo hakuirithi kwa mtu, aliitunga mwenyewe baada ya binti yake wa kwanza, Eva, kuchukuliwa na mfereji wakati wa masika akiwa na miaka minne, akawa anawasimulia watoto wa majirani ili waogope maji. Haya yote nilikuwa nayajua, mshauri, sitaki udhani sikujua.

Niliwasimulia wanafunzi wangu wakaipenda sana, mwalimu mwenzangu akaniambia nitoe kitabu mwenyewe bila kungoja kampuni, basi nikaiandika kwenye simu, binti mmoja wa mjini, Doris, akachora picha, mpiga chapa akanitolea nakala mia tatu, na nikaiweka mtandaoni pia ili wazazi wawasomee watoto kwenye simu, nikarekodi na sauti. Wakati wa kujaza fomu ya mtandaoni palikuwa na kisanduku kimoja kimeandikwa "Jina la mwandishi", nikakitazama, nakuapia nilikitazama kwa muda, kisha nikaandika langu. Nilijiambia yeye alisimulia tu, aliyeandika ni mimi, aliyehangaika na mpiga chapa ni mimi, na jambo ambalo sijamwambia mtu ni kwamba nimefundisha miaka kumi na moja na hakuna aliyewahi kunipigia makofi kwa lolote. Jalada likatoka na jina langu peke yake. Ndani nikamshukuru Doris, nikamshukuru mwalimu mkuu, lakini Mama sikumtaja kabisa, maana ningemtaja watu wangeuliza alifanya nini.

Nilipompelekea kitabu alikinusa, akafunua picha moja moja, akafika ile ya mfereji akaifunika kwa kiganja. Kisha akaniuliza, "Mama Monica, na mimi wameniandika wapi?"

Nikafungua ukurasa wa pili, penye maandishi madogo, nikaweka kidole. "Hapa, mama."

Pale pameandikwa "Haki zote zimehifadhiwa."

Tangu siku hiyo anatembea na kitabu amekifunga kwenye kitenge, anawaonyesha akina mama wa jumuiya, "Nimeandikwa, mimi na Eva wangu," na wao wanatazama picha, hakuna anayesumbuka na maandishi madogo. Mpaka Jumapili, baada ya misa kule kwao Marangu, alipomwita Mzee Sirili, katekista mstaafu, mbele ya watu. "Sirili, wasomee hawa jina langu."

Mzee akavaa miwani. Akasoma kimya pale mama alipoweka kidole, akageuza jalada, akanitafuta kwa macho, nami nilikuwa hatua tatu tu, nimemshika Monica mkono. Nikasema moyoni, leo ardhi ipasuke.

"Lipo, Bernadetha," akasema. "Limeandikwa vizuri kabisa."

Wakampigia vigelegele. Mzee alipopita karibu yangu akainama kidogo. "Mwalimu, nimefundisha katekisimu miaka thelathini. Leo nimesema uongo mlangoni pa kanisa. Usinifanye niurudie."

Sasa parokia ina sherehe ya watoto mwisho wa mwezi na wamemwomba Mama asimame mbele asimulie, Athanas yuko mlimani hadi Ijumaa na hajui kitu, na Monica, ambaye ameshajua kusoma, jana ameniuliza jina la bibi linaanza na herufi gani. Nimefikiria nichapishe nakala nyingine kimya kimya yenye jina lake, nimbadilishie ile aliyonayo, yeye si hajui kusoma, hatajua kamwe. Au niseme? Na nikisema, ataniita mwanangu tena?

Mwalimu mwenye aibu, Rau

Mshauri anajibu

Mwalimu, jina lako sijaliweka, kama ulivyoomba. Umeona wewe mwenyewe unavyolilinda. Na la Mama Bernadetha lilikuwa na thamani hiyo hiyo.

Pole, na nakwambia pole ya kweli. Kutamani kupigiwa makofi baada ya miaka kumi na moja ya chaki si dhambi. Kuandika pia ni kazi, na kitabu hakijichapi chenyewe. Ungeandika "Hadithi ya Bernadetha" na chini yake jina lako kama mwandishi, usingepungukiwa na kitu. Lile la kisanduku ni tamaa, na tamaa inatubika. Linaloniumiza mimi ni kile kidole. Kazi yako ni kuwaonyesha watu herufi kwa kidole, na mtu mmoja nyumbani kwenu asiyezijua ndiye uliyemdanganya kwa kidole hicho hicho. Halafu unaniuliza kama umdanganye mara ya pili!

Hapana. Kumbadilishia kitabu kimya kimya ni kufuta nyayo zako. Mzee Sirili anajua, Monica yuko mbioni kujua, na mwenye hadithi atabaki peke yake gizani, akichekewa kwa huruma na watu wa nyumbani kwake. Unamtakia hayo mwanamke aliyemzika mtoto?

Nisikilize. Ile nakala ya mtandaoni iondoe leo, ukishamaliza kusoma hapa, pamoja na sauti yako. Ijumaa Athanas akishuka, mwambie kabla hajasikia kwa mwingine, lakini usimtume akusemee. Jumamosi panda Marangu peke yako, bila Monica. Usibebe sukari wala kitenge. Zawadi ikitangulia atalazimika kukushukuru kabla hajakusikia. Mwambie hivi: "Mama, pale nilipokuonyesha si jina lako. Niliandika langu, nikakudanganya." Hapo ishia. Habari za makofi na miaka kumi na moja ni zako, usimtwishe.

Kisha muulize, usimwamulie. Anataka kitabu kiendelee? Anataka Eva atajwe au abaki moyoni mwake? Akisema vyote viondolewe, viondoe, hata kama moyo unakatika. Akikubali, jalada lichapwe upya, nakala ulizobaki nazo zibandikwe karatasi yenye jina lake, wazazi walionunua uwaandikie ukweli, na kitakachopatikana kiwe chenu wawili. Kabla ya sherehe pita kwa Mzee Sirili umwombe radhi, na siku yenyewe usimame wewe kwanza, useme hadithi ni ya nani, ndipo yeye asimulie.

Unauliza kama atakuita mwanangu. Mimi sijui, na wewe huna ruhusa ya kumharakisha. Anaweza kukusamehe kabla chai haijapoa, anaweza kununa mpaka ukoo mzima utakapopanda Marangu kula Krismasi. Akinyamaza, usilie ili akubembeleze. Ingia jikoni, menya ndizi, koka moto, ukae. Usishuke Rau mpaka yeye mwenyewe akwambie nenda.