Sufuria Ulizomwachia Wayua

Mwaitu,

Ni mimi, mke wa Musyoka wako. Nakuandikia nikiwa kwa kibanda, chapati za asubuhi zimeisha na madereva wa mchana bado hawajaanza kusimama. Mji wetu huu wa Salama ni ule ule, vumbi na honi. Najua mtu akishalazwa kaburini kule Kalamba hapokei barua. Lakini nina habari, na wewe unanijua, habari nzuri ikikaa ndani yangu inaniwasha mpaka niitoe.

Wayua anaongea.

Mjukuu wako, mwenye jina lako, anaongea. Anaongea kuliko watoto wote wa hii ploti tunayopanga, na sisemi hivyo kwa sababu ni wangu. Sawa, nasema kwa sababu ni wangu, lakini hata uulize watu. Jumapili iliyopita watoto walisimama mbele ya kanisa kuimba. Wengine walikuwa wanaangalia viatu, mmoja analia, na wangu huyo anaimba mpaka mzee wa kanisa akatoa miwani aone ni wa nani. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele makusudi, asipate shida ya kutafuta.

Wewe uliondoka kabla hujamsikia. Hiyo tu ndiyo inaniuma.

Unakumbuka ulivyomkuta. Umri wa kusema ulikuwa umefika na ukapita, na hajasema hata mama. Hospitalini walimpima masikio wakasema ni mazima. Nilikuwa namkalisha nyuma ya kibanda na simu, anaangalia katuni, kwa sababu barabara iko hapo na lori halimngojei mtoto. Watu walikuwa wameanza kumwita bubu. Hawaniambii mimi, lakini nikipita nasikia. Nikawa nasukuma chapati nikijiuliza, huyu akikua ataniita nani nikiwa mzee?

Ukaja kutoka Kalamba na kiondo chako, ukasema umekuja kumwona mwenzako wa jina. Ukaangalia ile simu kwa muda. Ukaniuliza, “Hiki kitu kikimuuliza, huwa kinangoja ajibu?” Ukaichukua ukaizika ndani ya debe la unga, na ulipoona nimeshtuka ukasema, “Itapikwa kesho.”

Halafu ukaharibu nyumba yangu. Wacha niseme ukweli. Ulitoa sufuria zote ukazipindua chini, ukampa mwiko. Ulijaza ndengu kwa chupa ya soda, ukaziba kifuniko na raba ya baiskeli ili asije akazimeza, hiyo ikawa kayamba yake. Karai la kuoshea vyombo ukalijaza maji, mkakaa hapo na vikombe, kumimina na kurudisha, kumimina na kurudisha, mpaka sakafu ikawa matope. Na kile kiondo, ndani uliweka gunzi la mahindi, kijiko, jiwe la mtoni, uzi wa mkonge, na kipande cha blanketi lako la zamani. Yeye anaingiza mkono bila kuangalia, wewe unamwambia, “Hilo linakwaruza. Hilo ni baridi, unasikia? Hilo ni laini kama shavu lako.” Mimi nilikuwa nafikiri mchezo wa mtoto ni kitu unanunua dukani.

Mama Mutuku wa mlango wa pili ndiye aliyekuja kulalamika. Alisimama hapo na mikono kiunoni akaniuliza, “Kwani mmefungua kanisa, na ibada ni kila siku?” Nikaona aibu. Nikaingia ndani niwanyang'anye mwiko.

Na wewe unajua kwetu ilivyo. Mtoto akishapewa jina la mama mkwe, ni mama mkwe. Hata mimi nikimbembeleza naita “mwaitu”, yaani mama, vile nakuita wewe, na siku nilimfinya sikio uliniuliza kama nimeona heri nikufinye wewe. Kwa hivyo ulinitazama tu kutoka kwa kigoda, hata hukucheka. “Hizo sufuria napiga mimi. Umekuja kuniambia ninyamaze?”

Sasa ni nani angekuambia? Nikarudi kwa chapati zangu. Mama Mutuku alikwenda zake akisema hiyo nyumba ina mama wakwe wawili na hakuna mwenye adabu.

Jioni, saa ya kunawa, mlikuwa na wimbo wenu. “Maji baridi, maji baridi, nani ananawa maji baridi? Ni...” Hapo unakata. Unamwangalia mdomo, unangoja. Ee Mwaitu, ulikuwa unangoja. Mimi nikaona ni mateso, nikafungua mdomo nimjibie, ukanigonga mkono kidogo. “Hiyo nafasi si yako.”

Hakujibu. Siku zote hizo hakujibu. Lakini alianza kukuangalia usoni, na ukikata wimbo anapiga maji kwa kiganja, kama mtu anasema endelea. Mimi niliona ni maji tu. Wewe ulisema, “Huyo anaongea. Bado mdomo haujafika.”

Kisha kifua kikakushika, Musyoka akakurudisha nyumbani, na mengine unayajua kuliko mimi.

Ya baadaye ndiyo huyajui. Tulipokuwa tumeshakuzika, boma lilikuwa limejaa watu wameinama. Wayua akatoa chupa yake ya ndengu akaanza kuitikisa katikati ya wazee. Shemeji Kimeu akainuka, mkono umenyooka, anasema nyumba ya matanga haina kayamba. Sijui nguvu nilizitoa wapi, mimi mke wa kuolewa, mbele ya wazee wa ukoo. Nikamwambia, “Kimeu, huyo ni mama yako anacheza. Mwambie mama yako anyamaze, tusikie.”

Halafu mzee mmoja akacheka, wakacheka wote, na Kimeu mwenyewe akakaa chini akipangusa macho. Basi mtoto akatikisa mpaka akachoka.

Jioni nikachukua karai nimnawishe nje ya jikoni kwako. Nikaanza wimbo wenu. “Nani ananawa maji baridi? Ni...” Nikakata. Nikangoja. Nilitaka sana kumjibia, Mwaitu. Nikajiuma mdomo.

Akaangalia mlango wa nyumba yako. Akasema, “Susu.”

Bibi. Wewe. Siyo mama, na mimi ndiye nilienda leba kumzaa. Nilikaa chini kwenye matope nikalia na kucheka. Musyoka, ambaye hakutoa chozi kaburini, aligeuka akasema anaenda kuangalia mbuzi. Alikaa huko sana.

Tangu hapo ni kama bomba limepasuka. Anaimbia kuku, anaimbia unga, juzi alimwambia dereva wa lori kwamba mdomo wake umejaa na asiongee. Mama Mutuku mwenyewe ananiletea mjukuu wake acheze naye kwa karai. Wanawake wa kanisa wananiuliza nilimpa dawa gani. Nawaambia nilimpa mama mkwe.

Na kuna jingine, hata Musyoka bado hajui, nitamwambia leo akirudi. Niko na mwingine tumboni. Akiwa msichana, jina linaenda kwa mama yangu wa Makindu, ndiyo desturi, na mama ataringa mpaka watu wachoke, ndipo ujue mimi kuringa nilitoa wapi. Wacha apate jina. Lakini wimbo atakaonawishwa nao ni wako, na nikifika mahali pa kukata nitakata, ningoje hata chapati ziungue. Nakuahidi hivyo.

Pumzika, Mwaitu. Asante kwa mtoto wangu.

Mimi,
Mama Wayua